Mapigo na Kazi: Kulinganisha Prosesa za Simu katika Somo la Hisabati

Makala haya yamekusudiwa kuwasaidia wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, hasa wale watakaofundisha Hisabati na Sayansi katika madarasa ya juu ya shule za msingi. Jambo litakalozungumzwa ni dogo kwa sura yake: jinsi ya kulinganisha prosesa za simu janja, na kwa nini ile namba ya gigahezi iandikwayo kwenye boksi la simu haitoshi kumwambia mnunuzi simu ipi ni ya haraka. Nimelichagua kwa sababu lilinikuta mimi mwenyewe nikiwa na kalamu ya kusahihishia mkononi, nami nilikosea.

Ilikuwa katika shule moja ya kijijini, Darasa la Sita, kipindi cha tatu. Mwanachuo niliyekwenda kumtathmini alikuwa akifundisha kulinganisha namba za desimali. Zana yake ilinipendeza: matangazo manne ya simu aliyoyakata na kuyabandika juu ya boksi lililopasuliwa, kila tangazo likiwa na namba yake ya gigahezi iliyokuzwa kwa wino mzito. Aliwataka wanafunzi wazipange namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, wakazipanga bila taabu. Hapo ndipo alipoongeza sentensi moja ambayo haikuwamo katika andalio lake la somo. Alisema, "Kwa hiyo simu yenye 2.0 ina kasi kuliko yenye 1.8, na mkimsindikiza mzazi dukani mwambieni achukue yenye namba kubwa."

Mvulana wa dawati la nyuma akanyosha mkono. "Mwalimu, simu ya kaka ina 1.8 na ya mama ina 2.0. Ya kaka ni ya zamani, lakini inafungua upesi kuliko ya mama. Tumezishindanisha."

Darasa likacheka. Mwanachuo akamjibu kwamba pengine ya mama imejaa picha, kisha akamwomba akae, akarudia kwa sauti kubwa zaidi kwamba 2.0 ni zaidi ya 1.8. Mtoto akakaa. Nami, nikiwa nyuma ya darasa, nikajaza fomu: zana, nzuri sana, kumudu maarifa ya somo, nzuri sana.

Jioni ile, nilipokuwa nikizipanga fomu, ule mkono ulionyoshwa ulinirudia. Hapana shaka 2.0 ni zaidi ya 1.8, hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika maneno mawili, "kwa hiyo". Tena mtoto alikuwa amefanya kile ambacho vitabu vyetu vya mbinu vinatuhimiza tuwafundishe: ametazama, amejaribu, ameleta ushahidi. Malipo yake yalikuwa kicheko na amri ya kukaa. Na wazazi wa kijiji kile hununua simu kwa fedha ya mahindi, mara moja katika miaka mingi. Ushauri wa darasani ungeweza kufika dukani wiki ileile.

Namba ile inahesabu nini

Prosesa, ambayo vitabu vingine huiita kichakataji, ni kipande kidogo cha silikoni kinachosoma amri moja baada ya nyingine na kuzitekeleza: jumlisha hizi mbili, linganisha hizi, peleka jibu kule. Ndani ya prosesa za simu za leo mna transista kwa mabilioni. Ili zote ziende pamoja hapana budi pawe na mdundo wa kuzifuatisha, kama wapiga makasia wanavyoifuata sauti ya nahodha. Mdundo huo ndio tunaouita mapigo. Pigo moja kwa sekunde huitwa hezi moja, kwa heshima ya Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwa majaribio, katika miaka ya 1880, kuwako kwa mawimbi ya sumaku-umeme. Gigahezi moja ni mapigo 1,000,000,000 kwa sekunde.

Mwanafunzi hawezi kuiona bilioni. Mpe basi rula fupi ya sentimita 15 iliyomo katika mkebe wake wa jometri. Prosesa ya gigahezi 2 hupiga pigo moja katika nusu ya nanosekunde, na katika muda huo mwanga wenyewe, usiopitwa mwendo na kitu chochote, huwa umesafiri takriban urefu wa rula hiyo. Nimeona darasa zima likinyamaza kwa habari hii.

Lakini tazama kile ambacho namba haikisemi. Inasema mdundo unapigwa mara ngapi, wala haisemi kwa kila pigo kazi gani imefanyika. Wakulima wawili wakiwa shambani, mmoja akainua jembe mara 30 kwa dakika na mwenzake mara 20, hatuwezi kujua nani atamaliza kwanza mpaka tujue kila jembe linageuza udongo kiasi gani. Kasi ya kazi ni zao la vitu viwili: mapigo kwa sekunde, mara kazi kwa pigo. Anayetangaza kimoja na kukinyamazia kingine hajasema uongo. Ameacha kipengele kimoja cha kuzidishia, na mnunuzi hujazia mwenyewe akidhani kipengele hicho ni kilekile kwa simu zote.

Somo la debe na maharage

Niliporudi chuoni nilijaribu na wanachuo wangu somo lifuatalo, na tangu hapo nimelirudia mara kadhaa. Vifaa vyake vinapatikana katika kijiji chochote: debe tupu na kijiti, sufuria mbili za maharage, mabakuli mawili matupu, kijiko cha chakula, na kikombe kidogo cha kahawa. Mwanafunzi mmoja ni mpiga debe. Mwingine hushika saa. Wawili huwa wachotaji, mmoja wa kijiko na mmoja wa kikombe, na sheria ni moja tu: kila debe linapolia, mchotaji ahamishe mchoto mmoja kutoka sufuriani hadi bakulini. Asichote kabla ya pigo, asiruke pigo.

Kwanza wahesabu mchoto. Kila mmoja achote mara tatu, wahesabu maharage, watafute wastani. Hapo umeshafundisha nusu ya kipindi cha wastani bila wao kujua. Tuseme kijiko kimebeba 15 na kikombe 50. Kisha tangaza kwamba kijiko kitapigiwa mapigo 40 kwa dakika na kikombe mapigo 20, na kabla debe halijalia watake wote waandike katika daftari nani atakuwa na maharage mengi baada ya dakika moja. Hatua hii usiiruke kwa sababu ya uhaba wa muda. Mtoto aliyekwisha kuandika utabiri wake huyatazama maharage kwa macho mengine kabisa.

Wachote. Kijiko kitakuwa kimehamisha 600 na kikombe 1,000, ukiongeza au kupunguza yaliyomwagika. Sasa uliza: mwenye kijiko angehitaji mapigo mangapi ili afikie 1,000? Watagawanya 1,000 kwa 15 na kupata 66 na theluthi mbili, yaani mapigo 67. Waruhusu wajaribu. Chuoni kwetu, debe lilipofika mwendo huo, maharage yalikuwa sakafuni kuliko bakulini, na mchotaji alikuwa akitweta. Yaweke akilini mambo hayo mawili, kutweta na kumwagika, kwa maana tutayahitaji.

Duru ya tatu ndiyo ambayo wanachuo wengi huiacha, nami naishikilia kuliko zote. Wape wachotaji wote wawili vijiko vinavyofanana, mmoja mapigo 20, wa pili mapigo 40. Safari hii mwenye mapigo mengi atashinda, tena atashinda mara mbili kamili. Pasipo duru hii mwanafunzi atatoka darasani akiamini kwamba mapigo hayana maana, na hilo nalo ni kosa, labda baya kuliko la kwanza, kwa sababu limevaa nguo za ujuzi. Mwanachuo wangu mmoja aliniandikia katika jaribio kwamba "gigahezi ni uongo wa wafanyabiashara". Nilimpa sifuri katika swali hilo. Gigahezi ni kipimo cha kweli, na kati ya prosesa mbili za usanifu uleule zilizowekewa mazingira yaleyale, yenye gigahezi nyingi ndiyo ya haraka.

Kutoka maharage hadi simu

Mwalimu hafundishi vizuri jambo asiloweza kulithibitisha nje ya mfano wake. Basi na tutazame simu zenyewe.

Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone 5s yenye prosesa iitwayo A7: viini viwili, mapigo ya gigahezi 1.3. Mwaka huohuo simu kadhaa kubwa za Android, Nexus 5 ikiwa mojawapo, zilibeba Snapdragon 800 ya kampuni ya Qualcomm: viini vinne, mapigo ya karibu gigahezi 2.3. Kiini, kwa faida ya asiyejua, ni mchotaji mmoja. Prosesa yenye viini vinne ina wachotaji wanne. Kwa namba za kwenye boksi A7 ilionekana simu ya maskini. Lakini wachunguzi walipoipima walikuta kwamba kiini chake kiliweza kushughulikia hadi amri 6 kwa pigo moja, ilhali kiini cha Snapdragon 800 kiliweza amri 3. Tuzidishe: 1.3 mara 6 ni 7.8, 2.3 mara 3 ni 6.9. Hizo ni amri kwa nanosekunde moja, kwa kiini kimoja, katika hali bora isiyofikiwa kamwe katika matumizi ya kawaida, kwa hiyo tusizitumie kama alama za mtihani. Hata hivyo zinatosha kuonyesha jinsi mwenye 1.3 alivyoweza kumpita mwenye 2.3 katika vipimo vya kiini kimoja, na ndivyo ilivyokuwa.

Endelea kuzidisha. Viini viwili vya 7.8 ni 15.6, na viini vinne vya 6.9 ni 27.6. Sasa mshindi amebadilika! Nani basi ana haki? Inategemea kama kazi yenyewe inagawanyika. Watu wanane wakiingia shamba moja kulima, kazi hupungua mara nane au karibu na hapo. Watu wanane wakizunguka sufuria moja ya ugali, anayesonga ni mmoja na saba wanatazama. Gene Amdahl wa Marekani alilieleza jambo hili mwaka 1967, alipoonyesha kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka ukomo wa faida ya kuongeza wafanyakazi. Kazi nyingi za simu, kama kufungua programu au kuupanga ukurasa, zina sehemu kubwa ya kusonga ugali. Ndiyo maana neno "viini vinane" kwenye tangazo nalo lapasa kuulizwa maswali yaleyale.

Simu za nyumba ya yule mvulana sikuziona, lakini ipo jozi ya simu zilizouzwa kwa wingi ambayo ina namba zilezile alizozitaja. Redmi Note 3 ya kampuni ya Xiaomi, katika toleo la mwaka 2016, ilikuwa na Snapdragon 650. Redmi Note 4 iliyotoka baadaye, mwaka 2017, ilikuwa na Snapdragon 625. Ile ya zamani: viini sita, na viwili vilivyo vikubwa vilikwenda gigahezi 1.8. Ile mpya: viini vinane, gigahezi 2.0. Kwa kila namba ya boksini mpya imeshinda, lakini katika kazi ya kiini kimoja ile ya zamani ilikuwa ya haraka zaidi.

Sababu ni aina ya viini. Vile viwili vikubwa vya 650 ni vya usanifu uitwao Cortex-A72, na vyote vinane vya 625 ni Cortex-A53, usanifu mdogo uliobuniwa kwa ajili ya kuokoa umeme. A53 inapokea hadi amri 2 kwa pigo na kuzitekeleza kwa foleni, iliyotangulia kwanza. A72 inapokea hadi 3, na zaidi ya hapo haifungwi na foleni. Fikiri wauzaji wawili wa duka. Mmoja, mteja wa mbele anapotafuta chenji mfukoni, husimama na foleni yote ikasimama naye. Wa pili humwambia, "Tafuta polepole, mama," kisha akampimia sukari mteja anayefuata. Mikono ya wauzaji hawa yaweza kwenda kwa mwendo mmoja, lakini jioni hesabu zao zitatofautiana.

Kutafuta chenji si jambo la nadra katika prosesa. Data ambayo haiko karibu huagizwa kutoka kumbukumbu kuu ya simu, na safari hiyo yaweza kuchukua takriban nanosekunde 100. Kwa prosesa ya gigahezi 2 hayo ni mapigo 200: debe linalia mara mia mbili na mchotaji amesimama mbele ya sufuria tupu. Kuongeza kasi ya debe hakumletei maharage.

Ningefanya dhuluma, hata hivyo, kama ningesema kwamba aliyenunua Note 4 alipunjwa. Snapdragon 625 ilitengenezwa kwa teknolojia mpya zaidi, ile inayoitwa ya nanomita 14, wakati 650 ilikuwa ya nanomita 28; ikatumia umeme kidogo, ikapata joto kidogo, na simu yake ikasifiwa kwa kukaa na chaji muda mrefu. Kwa mama anayeishi mahali ambapo kuchaji simu ni kwenda nayo sokoni na kulipia, huenda huo ndio ubora wa kwanza. Swali la simu ipi ni bora halina jibu mpaka tujue bora kwa kazi gani na kwa nani.

Kwa nini wasiongeze mapigo tu

Mwanafunzi mwerevu atauliza hivyo, na historia ya kompyuta za mezani ina jibu zuri. Kampuni ya Intel ilipotoa prosesa ya Pentium 4 mwezi Novemba 2000, ilichagua kuukata utekelezaji wa kila amri katika hatua 20 fupifupi, mahali ambapo Pentium III ilitumia kama 10. Fikiri msururu wa watu wanaopokezana matofali kutoka tanuri hadi kwenye gari. Ukiongeza watu, kila mmoja husogeza tofali hatua fupi, na kwa hiyo mdundo wa kupokezana waweza kuharakishwa. Huo ndio uzuri wake. Ubaya huja pale msimamizi anapopiga kelele, "Siyo hayo, ni yale ya upande wa pili!" Matofali yote yaliyomo mikononi hutupwa, na msururu mrefu hupoteza mengi kuliko mfupi. Prosesa nayo, kila ikifika penye "ikiwa hivi, fanya vile", hubahatisha njia ili isisimame kusubiri. Ikikosea, hutupa kazi iliyo njiani. Hivyo katika baadhi ya kazi Pentium 4 ya gigahezi 1.5 ilishindwa kuiacha nyuma Pentium III ya gigahezi 1.

Washindani waliona mwanya. Mwaka 2001 Apple iliweka mashine yake ya megahezi 867 mbele ya hadhara, ikaishindanisha na Pentium 4 ya gigahezi 1.7 katika kazi za picha, na ya kwake ikatangulia. (Tusisahau kwamba kazi hizo zilichaguliwa na muuzaji; naye ana duka lake.) Mwaka huohuo kampuni ya AMD iliacha kuziita prosesa zake kwa mapigo, ikaiita 1800+ prosesa iliyokuwa ikienda gigahezi 1.53. Intel iliendelea. Mwaka 2004 ilifikisha hatua 31, na mapigo ya gigahezi 3.8. Gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa haikutoka. Mpango ulifutwa Oktoba 2004. Mwezi Julai 2006 kampuni hiyohiyo ikaleta Core 2 Duo, yenye hatua 14 na mapigo yasiyofika gigahezi 3, nayo ikazipita zile za 3.8. Namba ilirudi nyuma na kazi ikasonga mbele.

Kilichoifungia njia gigahezi 4 hasa ni joto, na hapa ndipo kutweta kwa mchotaji wetu kunapoingia. Umeme unaotumiwa na prosesa wakati wa kazi hulingana na zao la mapigo na mraba wa volti, na kwa kawaida huwezi kupandisha mapigo sana pasipo kupandisha volti pia. Tuseme mapigo yameongezeka kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10. Zidisha ubaoni: 1.2 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.452. Umepata mwendo wa ziada wa asilimia 20, umelipa umeme wa ziada wa asilimia 45, na umeme huo wote hugeuka joto. Kompyuta ya mezani ina feni ya kulitoa. Simu haina, joto lake hutokea mgongoni, na mgongo huo umo kiganjani mwa mtu.

Kwa hiyo simu inapopata joto hujipunguzia mapigo yenyewe. Mwaka 2015 jambo hili lilijulikana sana kwa sababu ya Snapdragon 810, ambayo viini vyake vikubwa vilipashwa joto na kazi nzito mpaka vikalazimika kushuka chini ya mwendo uliotangazwa. Wafundishe wanafunzi kulitafuta neno "hadi" katika tangazo. "Hadi gigahezi 2.0" ni kilele, si mwendo wa safari. Basi linaloweza kufika kilomita 120 kwa saa halisafiri kutoka Morogoro hadi Iringa kwa mwendo huo, na kila abiria anajua.

Mambo mengine ya simu, kama ukubwa wa kumbukumbu na nafasi ya kuhifadhia, huifanya iwe nzito hata kama prosesa haina lawama. Kwa hiyo mwanachuo wangu aliposema kwamba simu ya mama pengine imejaa picha, hakusema jambo lisilowezekana. Alichokosea ni kulisema kama kifuniko cha swali, badala ya kulijaribu. Wangeweza kufuta picha na kuzishindanisha tena.

Siku iliyofuata nilimwita nikamweleza kwamba alama ile niliyompa haikuwa halali yake, wala kosa halikuwa lake peke yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mkufunzi, sasa nikiwaambia nilikosea wataniheshimu?" Sikuwa na jibu la kitabuni. Tulikaa tukaandika pamoja andalio jipya, na Alhamisi akarudi darasani na debe. Alianza kwa kumtaja yule mvulana kwa jina na kusema kwamba swali lake la wiki iliyopita halikujibiwa sawasawa, na kwamba leo litajibiwa. Akampa kijiti apige debe.

Duru zote tatu zilikwenda vema, ingawa maharage ya duru ya pili tuliyaokota mpaka kengele ya mapumziko. Mwishoni mpiga debe alinyosha mkono tena. Alitaka kujua, simu ikiwa imelala usiku mzima mezani, nani anapiga debe? Mwanachuo aliliandika swali hilo kwenye kona ya ubao, akawaambia kwamba atalitafutia jibu, akalitafuta. Asili ya mdundo ni kipande cha fuwele kinachotikisika kwa umeme, kwa mwendo wa makumi tu ya megahezi, na mitambo iliyomo ndani ya prosesa huuzidisha mpaka ukafika gigahezi. Simu isipotumiwa, viini vingi huzimwa, mapigo ya vilivyobaki hushushwa, na fuwele nyingine ndogo, iliyo sawa na ile ya saa ya mkononi, huendelea kutikisika mara 32,768 kwa sekunde kutunza muda hadi asubuhi. Namba hiyo waliikatakata kwa mbili, mara kumi na tano, mpaka ikabaki moja.